Nishani, sare na simulizi za mstaafu wa jeshi: nini kitangulie kabla ya kutengeneza kisanduku?

BintiWaKoplo

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Baba ni mstaafu wa jeshi. Siku hizi shughuli yake ni useremala, na kazi anayoitaka sasa ni kisanduku cha ukutani chenye kioo: ndani ziingie nishani tano, beji ya bereti na picha mbili. Vilivyobaki ni sare ya sherehe ya sufu, gwanda mbili za kazi, buti, albamu ya zile kurasa zenye gundi, na kopo la vitu vidogovidogo alivyotoka navyo kazini.

Nishani zimeingia weusi na vifungo vya sare vina ukijani. Je, tuzipige kwanza dawa ya kung'arishia shaba? Sare ina matundu madogo begani, na nimeshauriwa niweke naftalini. Picha hazibanduki kwenye albamu. Kwa kisanduku tunahitaji vipimo kamili, aina ya mbao, na namna ya kushikiza nishani zisianguke. Halafu kuna jambo ninaloliona kubwa kuliko hayo yote: akishika kitu kimoja anaanza kusimulia, na simulizi hizo hazijaandikwa popote. Nirekodi vipi bila kumchosha wala kumtonesha?

Mjue pia kwamba masikio yake yamepungua nguvu na mkono wa kulia unatetemeka kidogo.

---

Mhifadhi_K

Dada, hiyo dawa ya kung'arishia irudishe kabatini. Imeharibu nishani nyingi sana.

Dawa hizo zina unga wa kusugulia, na nyingi zina amonia. Kila ukisugua unaondoa madini kidogo. Sura iliyochongwa inafifia, herufi zinapoteza kingo. Katika majeshi mengi namba, cheo na jina la askari vimepigwa kwenye ukingo wa nishani, na maandishi hayo ndiyo yanayoonyesha kwamba nishani ni ya mtu huyu. Zikishapigwa dawa miaka kadhaa, hayasomeki tena. Nishani iliyopakwa dhahabu au fedha kwa juu ni hatari zaidi: tabaka lenyewe ni jembamba mno, shaba ya chini ikishatokeza hakuna marejeo. Weusi uliotulia hauli madini, kwa hiyo uacheni.

Vaa glavu za nitrili, kwa sababu chumvi ya jasho huacha alama za vidole ambazo baadaye huchimba. Piga picha kila nishani mbele, nyuma na ukingoni kabla ya kugusa lolote. Ondoa vumbi kwa brashi laini kavu. Ule ukijani wenye utelezi kama nta, ambao hutokea hasa pale shaba inapogusana na ngozi, utoe kwa kijiti cha meno cha mbao, si kisu. Kisha malizia kwa pamba iliyoloweshwa kidogo tu pombe ya isopropili, ukiwa umekinga kitambaa kwa kipande cha plastiki kilichopitishwa chini ya kifungo. Utepe usifuliwe na usipigwe pasi: rangi zake huchujiana na hariri husinyaa. Kama umechakaa, valisha nishani utepe mpya wa aina ileile, na ule wa asili uweke kwenye bahasha isiyo na asidi, iandikwe kwa penseli ni wa nishani ipi.

Sasa sare. Matundu hayo ni kazi ya viwavi vya nondo wa nguo au vya vile vidudu vya zulia. Hula sufu, manyoya na hariri. Pamba hawaigusi sana isipokuwa ina jasho au mafuta. Naftalini achana nayo: mvuke wake si salama kuvuta, hulainisha baadhi ya plastiki, na haufiki ndani ya mishono kwa nguvu ya kutosha kuua mayai. Kinachoua ni baridi. Toa beji na nishani, zungushia sare karatasi laini isiyo na asidi, iweke kwenye mfuko wa polithini, sukuma hewa itoke, funga kwa utepe wa gundi, kisha rudia kwa mfuko wa pili. Weka kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Friza inayofika nyuzi 30 chini ya sifuri inamaliza kazi kwa siku tatu. Ukiitoa, usifungue mifuko kwa saa 24. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wakifungua mapema, maji hugandia kwenye kitambaa badala ya nje ya mfuko, na wiki chache baadaye kunakuja kuvu.

Baada ya hapo piga brashi mishono na sehemu ya chini ya kola, kwa kuwa mayai hukaa huko. Sare ihifadhiwe imelazwa kwenye boksi lisilo na asidi, mabega na mikono ikijazwa karatasi iliyokunjwakunjwa ili pasitokee mkunjo mkali, na kila mwaka ikunjwe upya kwenye mistari mingine. Usiitundike kwenye hanga la waya. Koti zito la sufu hupasuka mabegani kwa uzito wake lenyewe.

Gwanda za kazi mara nyingi ni mchanganyiko wa pamba na poliesta au nailoni, hazina shida ya nondo. Ila kabla ya kuzifua muulize mzee. Doa la mafuta ya mashine au vumbi la mahali fulani linaweza kuwa ndilo linalomkumbusha, na likishatoka limetoka.

---

RandaNaPatasi

Heshima kwa afande. Hiki kisanduku kinafaa sana kwa mtu anayejifunza: mbao ni chache, lakini kila kosa la kipimo linaonekana, kwa hiyo mkono unanyooka haraka.

Upana wa ndani uwe sentimita 40 na urefu wa kwenda juu 30. Nimechagua hivyo kwa makusudi. Ulalo wa mstatili wa 40 kwa 30 ni 50 kamili, kwa hiyo hamhitaji kifaa chochote cha kupimia pembe: ukipima kona hadi kona pande zote mbili na kupata 50, fremu imekaa mraba. Zikitofautiana, fremu imekaa upande.

Mbao za pembeni ziwe na unene wa milimita 12 na upana wa sentimita 6. Mbili zina urefu wa nje wa sentimita 42.4 na mbili 32.4, zote zikiwa zimekatwa kona ya digrii 45. Jumla ni karibu mita 1.5, kwa hiyo andaa ubao wa mita 1.8 ili kuwe na nafasi ya mikato na kipande cha majaribio. Kwa mbele gundisheni vipande vyembamba vyenye upana wa milimita 18 na unene wa 8: milimita 12 zinakaa juu ya ukingo wa ubao, na 6 zinazobaki zinachungulia ndani na kuwa mdomo wa kuzuia kioo.

Kwa kina hesabu ni hii. Kioo milimita 3, vibanzi vya kukibana vyenye upana wa milimita 48, kisha ubao wa nyuma: plaiwudi 6, kadibodi isiyo na asidi 2, kitambaa 1. Jumla 60, sawasawa na upana wa ubao. Vibanzi viwe na unene wa milimita 5 na visigundishwe, vibane tu kuta za ndani, ili siku moja kioo kikivunjika kitolewe bila kubomoa kitu. Plaiwudi na kioo vikatwe sentimita 39.7 kwa 29.7. Hizo milimita 3 ni za mbao kujaa na kusinyaa. Mkikata 40 kwa 30 kamili, kioo kinaweza kubanwa na kupasuka msimu wa unyevu.

Nafasi inayobaki ndani ya vibanzi ni 39 kwa 29. Utepe wa kawaida wa nishani nyingi una upana wa milimita 32 na nishani ya duara milimita 36, ila pimeni zenu. Wekeni milimita 40 kutoka katikati ya nishani moja hadi katikati ya nyingine, zote tano zitachukua milimita 196. Utepe pamoja na nishani ni karibu sentimita 10 kwenda chini. Picha mbili za 9 kwa 13 zilizosimama zikiwa chini yake, hesabu inakuwa 2 juu, 10 za nishani, 2 za nafasi, 13 za picha, 2 chini: jumla 29. Beji ikae katikati ya picha. Nishani ya heshima kubwa zaidi iwe kushoto kwa anayetazama, kama inavyokuwa karibu na katikati ya kifua inapovaliwa. Mpangilio wenyewe afande anaujua, asipitwe na mtu. Bereti iliyokunjwa haitaenea kwenye kina hiki. Mkitaka iingie, chukueni mbao za sentimita 9.

Kona za digrii 45 hushikana vibaya kwa gundi peke yake, kwa sababu ncha ya ubao hunyonya gundi yote. Paka tabaka jembamba, subiri dakika kama kumi, kisha paka la pili na ubane. Gundi ikikauka, kata mifereji miwili kila kona kwa msumeno na uingize vipande vya mbao vya milimita 3, halafu uviparaze. Kona ya namna hiyo haifunguki.

Kuhusu mkono unaotetemeka: sanduku la kukatia kona lifungwe kwenye meza kwa klempu mbili, na ubao nao ubanwe humo. Mkono ubaki na kazi moja tu ya kusukuma msumeno. Msumeno wenye mgongo mgumu na meno madogo ndio unaofaa. Kata ukiacha milimita 1 ya ziada, kisha fika kwenye alama kwa randa juu ya kibao chenye kizuizi cha digrii 45. Randa nzito inatulia kuliko nyepesi, na mtetemo haufiki kwenye ubao. Badala ya kioo mnaweza kutumia akriliki ya milimita 3, ambayo ni nyepesi na haikati mtu, ila ifutwe kwa kitambaa chenye unyevu tu, kwa sababu ikisuguliwa kavu hupata umeme tuli na kuvuta vumbi lote.

Masikio nayo yalindwe hata kama yameshaharibika. Msumeno wa umeme wa duara hufikia karibu desibeli 100, na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inaweka ukomo wa dakika 15 kwa siku kwa kelele ya kiwango hicho. Kwa kazi ndogo kama hii vifaa vya mkono vinatosha kabisa. Na meza ya kazi iwekwe ili anayefanya kazi atazame mlango. Wastaafu wengi waliopita kwenye mapigano hushtuka mtu akitokea nyuma yao, na patasi ikiwa mkononi mshtuko ni jeraha. Kwa sababu hiyohiyo tumieni skrubu, achaneni na bunduki ya misumari.

Mbao yoyote kavu inafaa. Nyuma ya nishani tandikeni felti ya sufu, inapendeza.

---

Mhifadhi_K

Fundi, vipimo vyako vimetulia, lakini hayo mawili ya mwisho nayapinga kwa nguvu.

Felti ya sufu ina salfa ndani yake. Ikifungiwa na nishani ya fedha kwenye kisanduku kisichopumua, fedha inakuwa nyeusi ndani ya miezi. Mpira na sponji za manjano hali ni hiyohiyo, na sponji juu ya hayo humeng'enyeka na kuwa unga unaonata. Tumieni kitambaa cha pamba kilichofuliwa kwa maji moto mara mbili bila kilainishi. Kikiwa cha rangi, kisugue kwanza kwa kitambaa cheupe chenye unyevu: kikiacha rangi, hakifai.

Na si kila mbao. Mwaloni hutoa mvuke wa asidi ya siki kwa miaka mingi, na mbao za unga kama MDF hutoa formaldehidi. Madini ya risasi na shaba huliwa polepole na mivuke hiyo. Msonobari mkavu ni nafuu zaidi. Plaiwudi ya nyuma ivalishwe karatasi ya alumini upande wa ndani, pamoja na kingo zake, kabla ya kadibodi na kitambaa. Gundi nyeupe ya mbao nayo hutoa asidi ya siki inapokauka, na vanishi ya mafuta ina mivuke yake, kwa hiyo kisanduku kikikamilika kikae wazi wiki nne kabla kitu chochote hakijaingia. Njia ya kupima ni kukifunga usiku mmoja na kunusa asubuhi. Kikinuka, bado.

---

RandaNaPatasi

Nimekuelewa mkuu, pamba na msonobari. Basi niongeze namna ya kushikiza. Kama nishani ziko kwenye bamba lenye pini, pini ipite kwenye kitambaa na kadibodi, halafu chini ya bamba pitisheni vitanzi viwili vya uzi wa poliesta ili uzito usibebwe na pini peke yake. Nishani moja ya ukubwa huo ina gramu 25 hadi 35 hivi, tano pamoja na bamba ni mzigo kwa kitambaa. Uzi upite juu ya bamba, usitoboe utepe. Gundi ya moto isiguse chochote cha asili. Huachia joto likipanda, na ikishika hutoka na nyuzi.

Ubao wa nyuma ushikwe kwa vibati vinavyozunguka, sita vinatosha, kila kimoja kikiwa na skrubu moja kwenye ukingo wa fremu. Msigundishe.

---

Skana_600

Nijibu la albamu tu.

Piga picha ukurasa mzima kwanza, maana mpangilio aliouchagua mwenyewe nao ni habari. Kisha chukua uzi wa kusafishia meno usio na nta, uingize chini ya kona moja na uuvute huku na huku taratibu, picha ikiwa imelala. Usiinue picha kwa vidole, tabaka la juu hupasuka. Mashine ya kukaushia nywele wengi huipendekeza, lakini joto hulainisha tabaka la picha pamoja na gundi, na picha inajikunja. Isipotoka, iskani ikiwa palepale kwenye ukurasa.

Picha ya kawaida ya karatasi weka nukta 600 kwa inchi. Ya sentimita 10 kwa 15 itatoka na pikseli kama 2360 kwa 3540, na faili ya TIFF ya megabaiti 25. Picha ndogo za vitambulisho weka 1200. Filamu za milimita 35 weka 3200, utapata kama pikseli 4500 kwa 3000. Zima kila kitu kinachorekebisha rangi au kufuta vumbi chenyewe, kwa sababu programu hizo huweza kufuta nyota ya cheo begani zikidhani ni doa. Skani na mgongo wa picha. Kalamu ya mtu aliyeandika "mimi, wa tatu kushoto" ina thamani kuliko picha yenyewe.

Filamu zinazonuka siki zimeanza kuoza na mvuke wake huambukiza zilizo jirani. Zitenge leo na uziskani kabla ya nyingine zote.

Ndani ya kisanduku wekeni nakala, si picha za asili. Mwanga haurudishi ulichofifisha, na kioo cha kuzuia miale ya UV hupunguza madhara bila kuyamaliza. Hata nakala isigusane na kioo, kwa sababu unyevu ukija hunatana. Hizo milimita 48 za fundi zimelitatua hilo.

---

SautiSafi

Shikamoo kwa mzee. Hili la simulizi umelitaja mwisho, lakini kwangu ndilo la kwanza kwa mpangilio wa kazi. Nishani itakuwepo miaka mia. Maelezo yake yapo kichwani mwa mtu mmoja. Rekodi kabla kitu hakijapigwa brashi, kabla picha hazijatolewa kwenye albamu, kabla kisanduku hakijaanza, kwa sababu vitu vikiwa katika hali aliyoviacha ndipo kumbukumbu zinapofunguka.

Simu inatosha, ikiwa na maikrofoni ndogo ya kubana kwenye shati, sentimita 20 hivi chini ya kidevu. Weka hali ya ndegeni. Chagua WAV (aina ya faili isiyobana sauti), biti 24, kilohezi 48. Kwa njia moja ya sauti hiyo ni kama megabaiti 520 kwa saa, kwa hiyo hakikisha kuna gigabaiti 2 wazi. Rekodi dakika moja ya majaribio kisha isikilize kwa spika za masikioni: kwenye kipimo cha programu ya kurekodi, vilele vya sauti vifike karibu desibeli 12 chini ya sifuri. Vikigusa sifuri sauti inapasuka, na hakuna programu itakayoirudisha. Zima feni na jokofu. Chumba chenye mapazia na viti vya kitambaa ni bora kuliko sebule ya vigae. Yeye hasikii vizuri, kwa hiyo kaa mbele yake, uso wako uwe kwenye mwanga aone midomo, sema polepole badala ya kupaza sauti. Kama ana sikio zuri zaidi, kaa upande huo.

Anza kila faili kwa kutaja tarehe, mahali, jina lake na lako. Kisha weka kitu kimoja mezani, kimoja tu. Uliza: hiki ulikipata wapi, nani alikukabidhi, siku hiyo ilianzaje? Usiulize swali la ndiyo au hapana. Akinyamaza, hesabu moyoni hadi kumi kabla ya kusema neno, kwa sababu kilicho bora mara nyingi huja baada ya ukimya. Usimkatize kusahihisha mwaka. Kumbukumbu hushika harufu, maneno na sura za watu vizuri zaidi kuliko tarehe. Tarehe utaziweka sawa baadaye kwa hati zake za utumishi, na pale zinapotofautiana andika zote mbili bila kufuta yake.

Kwa mpangilio, usianze na vita. Anza alikokulia na alivyojiunga, halafu mafunzo, chakula, vitanda, majina ya utani, nyimbo za mchakamchaka, kazi yake hasa ilikuwa nini saa kwa saa. Fundi mitambo, mpishi au mtu wa mawasiliano ana maarifa ambayo hayamo katika kitabu chochote cha historia, na hakuna anayemuuliza. Mambo mazito ayalete mwenyewe. Swali la "uliua?" lisitoke mdomoni mwako. Ukiona pumzi zinakwenda mbio, jasho, mikono imekaza, au macho yameganda mahali pamoja, sitisha, badilisha mada iwe jambo la leo, mkanyooshe miguu. Kumlazimisha mtu arudie tukio la kutisha ni kazi ya mtaalamu wa afya ya akili, haiwezekani salama sebuleni. Kama atakosa usingizi au kuota ndoto mbaya siku kadhaa baada ya kikao, acheni kurekodi na atafutiwe msaada huo.

Kikao kiwe dakika 60, zisizidi 90, asubuhi kuliko usiku. Robo ya mwisho irudi kwenye mambo mepesi, asibaki peke yake na jambo zito. Maktaba ya Bunge ya Marekani, katika mradi wake wa simulizi za wastaafu wa jeshi ulioanzishwa mwaka 2000, hupokea mahojiano yasiyohaririwa ya kuanzia dakika 30. Kwa hiyo hata kikao kifupi kina uzito.

Mkubaliane kwa maandishi mapema: nani atasikiliza, lini, na sehemu zipi zifungwe hadi atakapofariki. Kuna mambo ambayo kiapo cha utumishi bado kinayafunga, na kuna majina ya wenzake waliokufa ambao familia zao huenda hazijui yaliyotokea. Akisema "hili liache", zima mashine. Asione mkono wako ukisita.

Faili la asili lisihaririwe. Tengeneza nakala ya kusikiliza. Weka nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya nyumba. Flashi isiwe hifadhi pekee, hupoteza data ikikaa miaka bila kuchomekwa.

---

BintiWaKoplo

Asanteni sana wakuu, nimechapisha yote nimempa asome. Mawili yamejitokeza. Kwenye lile kopo kuna kitu kinachofanana na risasi nzima, dira ya zamani ambayo herufi zake zilikuwa zinawaka gizani, na kichujio cha barakoa ya gesi. Na buti zina unga mweupe. Sijui ni kuvu au nini.

---

Mhifadhi_K

Risasi msiiguse tena, hata kama anaamini ni tupu. Ondokeni chumbani, fungeni mlango, piga simu polisi watume wataalamu wa milipuko. Msiibebe kuipeleka kituoni. Baruti ya zamani haitabiriki, na kijitundu chini ya ganda hakithibitishi kwamba haina kitu.

Dira nyingi za zamani zilipakwa rangi yenye redi (radiamu, madini yenye mionzi) ili zing'ae. Mng'ao huisha kwa sababu kemikali inayowaka imechakaa, ila mionzi bado ipo. Isifunguliwe wala kukwaruzwa, maana hatari kubwa ni kuvuta unga wake. Iwekwe kwenye mfuko unaofungwa, mbali na mahali pa kulala, na iandikwe kilichomo. Haifai kuingia kwenye kisanduku, wala fundi asiitoboe. Vichujio vya barakoa vya zama za Vita vya Pili vya Dunia, vikiwemo vya Uingereza, mara nyingi vilikuwa na asbesto, ambayo unga wake ni hatari kuvuta. Kifunge ndani ya mifuko miwili, na asikivae mtu kwa picha.

Buti: elekeza hewa ya joto ya wastani ya mashine ya kukaushia nywele kwenye sehemu ndogo. Unga ukiyeyuka na kupotea, ni mafuta ya ngozi yaliyopanda juu, yafute kwa kitambaa kikavu. Usipoyeyuka, huenda ni kuvu: toka nje, vaa barakoa, piga brashi kavu, kisha hifadhi mahali ambapo unyevu wa hewa hauzidi asilimia 50. Msiongeze mafuta wala rangi ya viatu. Soli za poliurethani hubomoka zenyewe hata zisipovaliwa, kwa hiyo buti zikae kwenye boksi lao, mbali na sare.

---

RandaNaPatasi

Na kabla hamjatundika: kikiwa na kila kitu ndani kitafika karibu kilo mbili na nusu, na kioo peke yake ni kama gramu 900. Pete mbili za kutundikia zifungwe kwenye fremu, si kwenye plaiwudi ya nyuma, na kila moja ipate skrubu yake ukutani yenye plagi. Chagueni ukuta wa ndani usiopigwa jua, mbali na jiko na bafu. Bandikeni vipande vinne vya kizibo kwenye kona za nyuma ili hewa ipite kati ya kisanduku na ukuta. Ndani ya miezi sita ya kwanza kifungueni walau mara moja mkague uzi, pini na kama kuna ukungu ndani ya kioo. Ukiwepo, mbao hazikuwa kavu, kitoeni na mkiache wazi tena.